Jina la Abiria

"Jina la abiria?" aliuliza Kayleigh, msichana wa simu wa kampuni ya teksi.

"Ni mimi, Mama Iqra. Namba kumi na nne, Mtaa wa Albert. Nampeleka bibi hospitali, kliniki ya macho. Tunatakiwa saa tatu na nusu."

"Mama Iqra, saa hizi magari yote yanapeleka watoto mashuleni, unajua mwenyewe. Dakika arobaini. Labda hamsini."

"Sindano yake ni saa tatu na nusu, Kayleigh. Tukiikosa tunarudishwa nyuma wiki sita."

"Sasa nikikudanganya itakusaidia nini? Mwamshe mzee wako awapeleke."

"Ametoka kazini alfajiri."

"Basi sijui, mama. Nikuandikie hiyo ya dakika arobaini?"

Shamim alisema asiandike, akakata simu. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Amma, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini tangu saa moja na nusu, koti mwilini, shali kichwani, barua ya hospitali ndani ya mfuko wa plastiki juu ya magoti. Kuna wazee wanaolalamika na kuna wanaokaa tu wakakutazama, na Amma alikuwa wa aina ya pili, tena kwa jicho moja, kwa kuwa la pili lilikuwa limekwisha kufifia na hilo moja ndilo walilokuwa wakilipigania.

Shamim alipanda juu, akasimama mlangoni mwa chumba. Mume wake alikuwa amelala kifudifudi, soksi bado miguuni.

"Baba Iqra," alisema polepole. "Teksi hakuna. Nimchukue Amma kwa gari?"

"Mm," alisema mumewe.

Akashuka, akautoa ufunguo kwenye msumari wake.

Yafaa lisemwe mapema jambo ambalo madereva wote wa teksi wa mji wetu wa Marlbeck wanalijua na wake zao wengi hawalijui. Gari likishafungwa kibao cha halmashauri nyuma yake, ni teksi siku zote, liwe na abiria au lisiwe naye, hata kama linakwenda dukani kununua maziwa. Asiye na beji ya udereva wa teksi haruhusiwi kuushika usukani wake, awe mke au mtoto wa mwenye gari. Bima nayo hufuata sheria hiyohiyo. Nazakat, mume wa Shamim na mwenye gari hilo, aliijua sheria hiyo kwa miaka kumi na tisa, aliijibu kwenye mtihani wa beji na aliitilia saini kila alipofanya upya leseni yake. Lakini Shamim alipopasi mtihani wa kuendesha gari mwezi wa Novemba, kwa jaribio la tano, akiwa na miaka arobaini na mmoja, Nazakat alinunua sambusa za mtaa mzima na kumwambia kila mtu kuwa sasa nyumbani kwake kuna madereva wawili. Gari lilikuwa moja tu. Alipanga kumweleza mkewe juma hilohilo, halafu juma lililofuata, na kila alipotaka kuanza aliuona uso wake na akashindwa.

*

Lango la hospitali lilikuwa na foleni, na kando ya foleni alisimama mwanamume mwenye koti la manjano, akikagua vibao vya teksi moja baada ya nyingine. Aliitwa Pickersgill, ofisa wa leseni wa halmashauri. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa karatasi, na asubuhi hiyo karatasi yake ilimtaka akague magari ishirini.

"Habari za asubuhi, mama. Naomba kuiona beji yako."

"Beji gani?"

"Ya dereva."

"Mimi si dereva. Namleta mama mkwe wangu kupigwa sindano."

"Lakini ni wewe unayeendesha."

Shamim aliutazama usukani kana kwamba umewekwa mikononi mwake na mtu mwingine. Alisema ana leseni, tena mpya, akaitoa kwenye pochi. Pickersgill aliitazama mbele na nyuma, akamrudishia.

"Hii ni ya kuendesha gari lako, mama. Hili ni teksi. Ni la nani?"

"La Baba Iqra."

"Iqra ni nani?"

"Binti yangu."

"Na huyo baba yake anaitwaje?"

Hapo Shamim alimtupia jicho mama mkwe wake. Amma alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mfuko wake magotini, kichwa kimegeukia dirisha, masikio yake yakiwa mazima kabisa. Kwetu sisi tuliotoka milimani kule Mirpur tukahamia huku kwa Waingereza, mke aliyelelewa vizuri halitamki jina la mume wake. Vijana wameanza kuyapuuza hayo, lakini Shamim hakuwa kijana, na hakupata kulitamka hata siku moja kwa miaka ishirini na miwili, sembuse mbele ya mwanamke aliyempa mume wake jina hilo. Kwenye fomu aliliandika bila shida. Mkono si mdomo.

"Nipe kalamu nikuandikie," alisema.

"Daftari hili silitoi, mama. Naandika mwenyewe. Wewe nitajie tu."

"Unalo jina lake kwenye orodha yako. Ninaliona kutoka hapa."

"Ninalo. Nataka ulithibitishe wewe. Mwenye gari hili anaitwa nani?"

"Ni mume wangu."

"Anaitwa nani?"

"Anasemaje huyu?" Amma aliuliza kwa lugha ya nyumbani.

"Anauliza habari za gari, Amma."

"Mwambie tumechelewa."

Shamim alimwambia wamechelewa. Pickersgill alitazama saa yake, akaandika: dereva ameulizwa mara tatu jina la mwenye leseni, mara tatu amekataa kulitaja. Akaongeza saa na tarehe. Kisha akawafungulia mlango wa gari na kumshika Amma mkono mpaka kwenye kizingiti cha kliniki, na sindano ikapatikana. Gari lilibaki palepale lilipokuwa hadi Nazakat alipolifuata kwa basi, macho mekundu, soksi zilezile miguuni.

*

Barua zilikuja mbili. Ya polisi ilikuja kwanza, na haikuwa na mjadala: kuendesha gari bila bima ni alama sita za adhabu, na mwenye leseni changa akipata alama sita leseni hufutwa. Shamim aliitia kadi yake ya leseni ndani ya bahasha, akailamba gundi, akaiposti mwenyewe akielekea kazini. Mitihani mitano iliisha namna hiyo, na alipofika jikoni mwa shule ya msingi alikofanya kazi alimenya viazi vya siku mbili kwa asubuhi moja.

Ya pili ilitoka halmashauri, na Iqra, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliisoma kwa sauti mezani. Bwana Nazakat Ali aliitwa mbele ya kamati ya leseni ili ijadiliwe kama bado ni mtu anayefaa kushika beji. Makosa yalikuwa matatu. Kumruhusu mtu asiye na beji kuendesha teksi. Kuruhusu teksi iendeshwe bila bima. Na la tatu, kwamba mkewe, akitetea maslahi ya mwenye leseni, alificha jina lake kwa makusudi.

"Mama, hapa sielewi," Iqra alisema. "Ulificha nini? Si ungemtajia tu?"

"Bibi yako alikuwa ndani ya gari."

Iqra alianza kucheka, akamwona mama yake, akaacha. Amma alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, akisikiliza redio kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Jioni alikuja Gulfraz, mwenyekiti wa umoja wa madereva, ambaye alikuwa amewasindikiza wenzake kumi na mmoja mbele ya kamati hiyo na kuwarudisha saba wakiwa na beji zao. Alikunywa chai ya kwanza kimya, ya pili akaanza kazi.

"Nazakat, nisikilize. Lile la bima linakwenda na lile la kwanza, ukilitoa moja umeyatoa yote mawili. La tatu ni upuuzi, tutalieleza. Kwa hiyo swali ni moja tu. Ulimruhusu au hukumruhusu?"

Nazakat alikizungusha kikombe chake mezani.

"Ulikuwa wapi yeye alipochukua ufunguo?"

"Kitandani."

"Umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

"Basi tumemaliza. Aliyelala haruhusu mtu kitu. Ukiulizwa unasema maneno mawili: nilikuwa nimelala. Usiongeze la tatu. Wewe maneno yako ya ziada ndiyo yanayokuponza, hata kwa abiria."

"Na mama?" Iqra aliuliza.

"Mama yako alichukua gari mwenyewe. Watawapelekea polisi karatasi nyingine kumhusu, basi, ataonywa kidogo."

"Ami Gulfraz, kuchukua gari la mtu bila idhini yake si kuonywa kidogo. Ni kosa la jinai, linaingia kwenye rekodi yake. Mama anafanya kazi shuleni, kwa watoto. Rekodi ndiyo kitu cha kwanza wanachokitazama."

Gulfraz alimtazama binti, kisha baba yake, kama anayeuliza ni nani aliyemsomesha huyu. Lakini hakubisha.

"Viazi nitamenya hata pengine," Shamim alisema. Alikuwa amewapa mgongo, akilingoja birika lichemke. "Beji hiyo ndiyo inayotulisha sote. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama mlangoni, nikaona amelala, nikashuka nikachukua ufunguo. Hakunisikia."

"Umeona?" alisema Gulfraz.

Nazakat alikuwa amesikia. Alikumbuka sauti yake mlangoni, alikumbuka neno Amma na neno gari, na alikumbuka kwamba alisema mm kwa sababu mm ilikuwa fupi na usingizi ulikuwa mtamu. Yote hayo yalimfikia kooni pale mezani. Akayameza pamoja na chai, na aliona aibu, na aibu yenyewe haikumzuia kuomba kikombe kingine.

*

Kwa wiki tatu aliendelea kufanya kazi huku akingoja siku ya kamati. Pale ofisini mwa kampuni walimtania, kama wanavyotaniana wote. Mmoja alimwuliza kama mkewe anakubali zamu za Ijumaa. Mwingine alisema afadhali ampe mama beji yeye akapike, huenda wateja wakapata dereva asiyesimulia maisha yake. Nazakat alicheka nao. Msikitini mzee mmoja alimshika bega na kumwambia kwamba mwanamke akipewa ufunguo hupewa nyumba, na hilo hakulicheka.

Jumamosi moja alikuwa akiosha gari mbele ya nyumba. Shamim alimletea ndoo ya pili ya maji ya moto, akaiweka chini karibu na kibao cha halmashauri.

"Mama Iqra, siku ile..."

"Siku ile ulikuwa umelala."

"Uliponiita..."

"Nimekuona ukilala miaka ishirini na miwili. Nakujua ukiwa umelala na nakujua ukiwa macho." Aliokota kitambaa kilichoanguka, akakikamua. "Wewe una beji, una mama, una mtoto anayetaka kwenda chuo kikuu. Mimi leseni yangu wameshaichukua. Wakichukua na kazi, nitakaa na Amma. Hata yeye anahitaji mtu wa kukaa naye."

"Unaipenda kazi ile."

"Viazi?" alisema Shamim.

Lakini aliipenda. Aliwapenda watoto waliomwita Bi Shamim wakiomba mchuzi uongezwe, aliupenda ufunguo wa jiko ambao alikabidhiwa yeye na si mwingine. Nazakat alijua. Alibaki akisugua kibao kile mpaka namba zake zikang'aa, ingawa hakikuwa kichafu.

*

Siku ya kamati Nazakat aliwapeleka wote kwa gari, Amma mbele, Shamim nyuma, akalipia maegesho ya ofisi za halmashauri mpaka saa sita na nusu. Lilikuwa shauri la Gulfraz kumleta Amma. Alisema bibi mwenye kitambaa kwenye jicho bovu hulainisha mioyo ya madiwani.

Madiwani walikuwa watatu. Katikati alikaa mwenyekiti, Diwani Audrey Holroyd, mwanamke wa makamo ya mwisho aliyevaa sweta la kijani na mbele yake kikombe cha chai iliyopoa. Kulia kwake alikuwa Diwani Barraclough, aliyewahi kuwa na maduka matatu ya nyama na kuyauza yote alipostaafu, na bado alimtazama kila mtu kama anayekadiria uzito. Wa tatu aliandika muda wote na hakusema kitu. Pickersgill alisoma daftari lake bila kuongeza wala kupunguza.

Walianza na Shamim.

"Bibi," alisema mwenyekiti, "hapa imeandikwa kwamba uliulizwa jina la mumeo mara tatu ukakataa. Kwa nini?"

"Sikukataa. Nilimwomba kalamu."

Pickersgill alikubali kwamba kalamu iliombwa.

"Mimi jina lake silitamki," Shamim alisema. "Kwetu mke hafanyi hivyo. Ni heshima. Na mama yake alikuwa hapo karibu yangu, kama sasa."

"Nina miaka sitini na minane," alisema Barraclough, "na nimeishi na watu wenu mtaa mmoja. Sijapata kulisikia hilo."

"Utalisikiaje, bwana? Ni kitu kisichosemwa."

Aliyekuwa akiandika alitabasamu kwenye karatasi yake. Mwenyekiti aliinua kikombe, akakumbuka kimepoa, akakirudisha.

"Mama yangu alimwita baba yangu 'yeye'," alisema. "Yeye kasema, yeye kataka. Mpaka tunamzika."

"Sawa, Audrey, lakini mama yako hakuulizwa na ofisa wa serikali," alisema Barraclough. "Kama ni desturi na si ujanja, na alitaje basi sasa hivi, tumsikie. Hapa hakuna anayemfukuza."

"Hatumlazimishi."

"Sijasema tumlazimishe."

Shamim aliitazama meza. Alijua kwamba akinyamaza kosa la tatu litabaki, na kwamba kosa la kuficha likibaki, hata kule kulala kwa mumewe kutaonekana ni kuficha kwingine. Upande wake wa kushoto Amma alikaa wima, mikono juu ya mfuko wa plastiki. Kiingereza cha Amma kilikuwa kidogo, lakini alielewa kwamba kuna kitu binti huyu anaombwa. Alivuta shali yake mbele kidogo, ikamfunika lile jicho zima.

"Nazakat Ali," alisema Shamim.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma barua. Nazakat alikuwa ameitwa jina hilo na maelfu ya watu, na abiria, na polisi, na mashine ya benki. Hakupata kulisikia likitoka hapo. Lilimfikia kama jina la mtu mwingine, mtu ambaye mkewe alikuwa akimjua vizuri na akimwamini, na alitamani sana awe ndiye huyo.

"Ahsante, bibi," alisema mwenyekiti. "Bwana Ali, sasa wewe. Mkeo alipochukua gari, ulimruhusu?"

Goti la Gulfraz, aliyekaa kando yake, lilimgusa chini ya meza. Maneno mawili.

"Aliniuliza," Nazakat alisema.

Gulfraz alifumba macho.

"Alisimama mlangoni akaniuliza kama amchukue mama yangu. Nikasema mm."

"Mm?" alisema Barraclough.

"Nyumbani kwetu hiyo ni ndiyo."

"Alikuwa amelala," Shamim alisema. "Mheshimiwa, huyu hajui alilosema, alikuwa amelala kabisa, nilimwona kwa macho yangu."

"Bibi, ameshajibu. Bwana Ali, sheria uliijua?"

"Niliijua."

"Mkeo aliijua?"

"Hakuijua. Sikumwambia." Alikuwa amekwisha pita maneno mawili zamani, na sasa hakuona sababu ya kujizuia. "Alipasi mtihani mara ya tano. Alikuja mbio kutoka kwenye kona mpaka mlangoni, mtu mzima, barabarani, watu wanatazama. Nilitaka kumwambia kwamba gari lililoko hapo nje hawezi kuligusa. Kila siku nikasema kesho. Yeye hakuchukua kitu bila ruhusa. Muandike hivyo tafadhali, kama mtaandika. Hakuchukua kitu."

Yule wa tatu aliandika.

*

Walingoja kwenye korido, kwenye viti vya plastiki, karibu nusu saa. Gulfraz alitembea mpaka kwenye mashine ya kahawa na kurudi, mara nne.

"Maneno mawili, Nazakat," alisema aliporudi mara ya mwisho. "Nilikuomba maneno mawili tu."

Shamim alikaa kiti cha mwisho, mbali na mumewe. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, ya mtu aliyebeba mzigo mpaka karibu na mlango akanyang'anywa. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na alikuwa akikiogopa, kwa sababu kilimfanya atake kulia na hapo hapakuwa mahali pake.

Walipoitwa, mwenyekiti alisoma uamuzi akiwa amevaa miwani ya pili juu ya ya kwanza. Kosa la tatu limeondolewa, na ofisa ashauriwe siku nyingine atoe kalamu. Makosa mawili ya kwanza mwenye leseni ameyakiri. Kamati imezingatia miaka kumi na tisa bila lalamiko na imezingatia ukweli wake. Beji yake inasimamishwa miezi mitatu kuanzia saa hiyo, na akirudi mbele yao itafutwa. Hakuna karatasi yoyote itakayokwenda polisi kuhusu mkewe.

Pickersgill alikuwa na bahasha tayari. Nazakat aliivua beji shingoni, yenye picha yake ya miaka ya nyuma akiwa na nywele, akaiweka ndani. Pickersgill alisema pole, kwa sauti ndogo, na alimaanisha.

*

Nje kulikuwa na jua la baridi. Walishuka ngazi polepole kwa ajili ya Amma, wakavuka maegesho, na Nazakat akabonyeza ufunguo. Gari liliwasha taa zake na kufungua milango. Alikuwa ameshashika kitasa ndipo alipokumbuka.

Wote wanne walisimama wakilitazama. Lilikuwa safi, kibao kinang'aa nyuma, na miongoni mwa watu wa nyumba ile hapakuwa na hata mmoja aliyeruhusiwa kulisogeza hatua moja, na bima ya Gulfraz ilikuwa ya gari lake peke yake.

"Amma angekuwa na leseni," Shamim alisema, "angetupeleka yeye. Ndiye pekee tuliyembakisha ambaye hajafanya kosa."

Nazakat alicheka, kicheko kikamtoka vibaya, akageuka kujifuta uso. Kisha alikwenda kwenye mashine, akalipia maegesho mpaka kesho asubuhi.

Gari la Gulfraz lilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, tupu.

"Haya, ingieni, niwapeleke," alisema, kisha akasimama. Kwenye benchi karibu na mlango Pickersgill alikuwa ameketi akila mkate wake wa mchana, daftari pembeni. Hakuwa akiwatazama, lakini hakuwa mbali. "Hapana. Nibebe watu watatu mlangoni pa ofisi ya leseni bila agizo la kampuni, wakati sheria inataka agizo? Leo? Kesho mtanisindikiza mimi. Pigeni simu kampuni, muagize kama watu."

Nazakat aliingiza mkono mfukoni. Shamim alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Jina la abiria?" alisema Kayleigh.

Shamim aliwatazama wawili hao, mumewe na ufunguo wake usio na kazi, na Amma aliyekuwa amemshika mwanawe mkono.

"Nazakat Ali," alisema. "Watu watatu. Kutoka ofisi za halmashauri kwenda namba kumi na nne, Mtaa wa Albert."

Kayleigh aliitambua sauti.

"Mama Iqra? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wamemsimamisha?"

"Miezi mitatu."

"Pole, mama. Natuma aliye karibu."

Simu ya Gulfraz ililia mfukoni mwake. Aliitoa, akaisoma, na kwa kuwa sheria yataka dereva amuulize abiria jina kabla hajaingia, na kwa kuwa Pickersgill alikuwa pale, alifungua mlango wa nyuma na kusimama wima.

"Abiria Nazakat Ali?"

Nazakat aligeuka kama anayemtafuta huyo abiria.

"Ndiye huyu," alisema Shamim.

Miguu ya Nazakat ilikuwa imeshampeleka mlango wa dereva. Gulfraz alimgusa bega, akamwelekeza nyuma, naye akaingia, akasogea mpaka dirishani kuwapisha wengine. Amma alikataa kiti cha mbele. Alitaka kukaa nyuma, katikati yao, mfuko wake magotini. Gari lilipotoka langoni alimgeukia mke wa mwanawe kwa lile jicho moja.

"Nililichagua mimi jina hilo," alisema. "Baba yake alitaka jingine." Akaiweka sawa shali yake. "Umelitamka vizuri."